Wakuu, kifua kinahitaji kupumzika muda gani kabla ya kupiga chuma tena?

MtotoWaMbagala: Wakuu, habari za jioni. Nimeanza jimu juzijuzi, napiga kifua na mikono. Maumivu hayaishi, hata kuvaa shati ni shughuli, mkono haunyooki. Misuli inatakiwa ipumzike muda gani ndiyo nirudi? Nina sababu ya kuharakisha. Msaada tafadhali.

ChumaHakidanganyi: Mkuu, msuli uliouchosha uache angalau saa 48. Mapaja na mgongo, ukivipiga kisawasawa, hata 72. Chuma kinachana nyuzi, mwili unaziunga ukiwa umelala. Anayeanza, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinatosha kabisa.

MamaWawili: Kula kwanza mwanangu. Vijana mnanyanyua vyuma na chipsi kavu tumboni. Baba yangu alikuwa kuli bandarini, anabeba magunia kutwa, jimu hajui inafanana vipi. Ugali, maharage na dagaa tu. Mpaka anazeeka mgongo umenyooka.

ChumaHakidanganyi: Shikamoo mama. Mzee mwili ulizoea kidogokidogo, huyu anataka vyote mwezi mmoja.

MuuguziZamuYaUsiku: Ndugu, mkono kutonyooka kabisa hakunipendezi. Umevimba? Unapiga mara ngapi? Mkojo una rangi gani?

MtotoWaMbagala: Umevimba kidogo tu. Napiga kila siku, asubuhi na jioni, kwa sababu kaka anaoa mwezi ujao na mimi ndiye mpambe wake. Suti imeshashonwa, fundi kaongeza inchi 2 za kifua nitakachokuwa nacho siku hiyo. Sasa nikipumzika siku mbili mbili nitaijaza lini? Mkojo tangu jana uko kama chai ya rangi, nadhani sinywi maji ya kutosha. Nameza diklofenaki ya kutuliza maumivu ndiyo napata nguvu ya kushika chuma.

KunguruWaPosta: Hii stori ni chai, ya kutunga. Fundi gani anapima kifua ambacho hakipo? Na akaunti ni mpya. Subirini, sasa hivi anatokea mtu anauza makopo ya poda ya kujaza misuli.

Mzee_wa_Kahawa: Naunga mkono. Uzi wa namna hii niliwahi kuufuata hadi mwisho, tukaletewa bei.

MtotoWaMbagala: Sina ninachouza wakuu. Nataka kujua tu, kesho naweza kupiga mgongo? Huko siumwi.

MuuguziZamuYaUsiku: Awe mkweli au mwongo, naandika kwa yeyote anayesoma. Misuli ikiumia kupita kiasi inamwaga protini yake kwenye damu. Hiyo ndiyo inayotoa rangi ya chai kwenye mkojo, na inaweza kuua figo. Diklofenaki nayo inazidi kuzielemea. Acha vidonge, acha chuma, nenda hospitali leo, usingoje kesho. Waambie ulivyofanya mazoezi na rangi uliyoiona, wapime damu na figo. Wakisema dripu, laza mkono.

MtotoWaMbagala: Kwa hiyo hata mgongo nisipige?

ChumaHakidanganyi: Mdogo wangu, vaa viatu uondoke. Inchi 2 fundi anazipunguza kwa nusu saa.

KunguruWaPosta: Alete picha ya suti.

MamaWawili: Kunguru, nyamaza. Mwanangu, una mtu wa kukusindikiza?

MtotoWaMbagala: Nipo na kaka kwenye bajaji, mama. Anayejua nikitoka huko nitaruhusiwa kushika chuma lini, aniandikie.