Nimeshatoka kwenye kampuni, benki bado inanidai mimi. Hii imekaaje?

Kimara_Mwisho
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana kichwa hakipo sawa kabisa. Tulikuwa watatu na kampuni ya vifaa vya ujenzi, duka Kariakoo stoo Tabata. 2021 tukachukua mkopo milioni 120, mkopaji ni kampuni, ila siku ya kusaini afisa mikopo akatuletea rundo la makaratasi akasema hizi wakurugenzi wote wanasaini ni utaratibu tu, tukasaini, mi nilikuwa hata na haraka nawahi mzigo bandarini. Mwaka jana tukashindwana nikawauzia wenzangu hisa, nikajiuzulu, BRELA wanakosajili kampuni jina langu limeshatolewa. Juzi nimeletewa barua ya madai milioni 74 pamoja na riba, imeandikwa jina langu, nimepewa siku 14. Mmoja hapokei simu, mwingine nasikia yupo Dubai. Kampuni si ni limitedi jamani?

Mtaa_wa_Kongo
Wapuuze hao. Limitedi maana yake deni ni la kampuni, wewe mwisho wako ni hisa zako na ulishauza. Wanakutisha tu.

wakili_daladala
Mkuu hapo juu usimpoteze mwenzio. Kweli kampuni ni mtu mwingine kisheria, hilo limesimama tangu kesi ya Salomon kule Uingereza 1896. Lakini benki haimdai huyu kama mkurugenzi, inamdai kama mdhamini, na ule ni mkataba mwingine kabisa alioufanya yeye na benki. Ndo maana wanawasainisha, wanajua kampuni ikifa inabaki meza na kalenda ya ukutani. Sheria ya Mikataba Sura 345, kifungu cha 80, dhima ya mdhamini inalingana na ya mkopaji isipokuwa mkataba wenyewe useme tofauti. Kutoka BRELA sio kutoka benki, pale unatoka kwa barua ya benki yenyewe kwamba wamekuachia dhamana, je unayo? Na usijidanganye kwamba mlikuwa watatu kwahiyo unadaiwa theluthi, karatasi nyingi zinasema kwa pamoja na kila mmoja peke yake, benki inamfuata anayeshikika. Ukilipa wewe ndo utawageukia wenzio wakurudishie fungu lao.

Kimara_Mwisho
Barua ya kuachiwa sina, hata sikujua kama ipo. Na nyumba yangu je? Sikuweka hati.

wakili_daladala
Afadhali. Kama hati haiko rehani hawawezi kuita dalali hivihivi, inabidi wafungue kesi washinde kwanza ndo waje kukamata mali, na nyumba unayoishi na familia Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga isikamatwe. Ila kiwanja kama unacho, gari, hela ya akaunti, hivyo vyote vinaguswa.

dada_wa_Mbagala
Pole kaka yangu. Sisi yalimkuta mume wangu, alitoka kwenye kampuni ya rafiki zake, baada ya hapo wale wakaongezewa mkopo juu ya mkopo yeye hajui lolote, na barua ikaja kwetu tukakosana karibu mwezi mzima humu ndani maana mi hata kusaini kwake sikuwahi kuambiwa. Kilichotusaidia ni kuandikia benki tukaomba nakala ya kila kitu alichosaini na taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza. Tukakuta dhamana yake ina kikomo, wao wanadai mara mbili yake. Tukakaa mezani. Usikae kimya hizo siku 14 zikaisha.

wakili_daladala
Dada kaongea point. Mkopo ukibadilishwa masharti bila mdhamini kuridhia, mdhamini hafungwi na yanayofanyika baada ya hapo. Tatizo benki nazo zina akili, mara nyingi zimeshaweka kipengele kwamba unakubali mabadiliko yoyote hata usipoambiwa. Kwahiyo soma yale maandishi madogo kabla hujafurahi.

Kimara_Mwisho
Asanteni sana, usiku sijalala. Nimempata mhasibu wetu wa zamani, anasema mkopo uliongezwa miezi miwili baada ya mimi kuondoka na kuna karatasi yenye sahihi tatu. Tatu wakuu. Mi nilikuwa nimeshatoka, ya tatu ni ya nani? Kesho asubuhi naenda benki kuiomba hiyo karatasi, halafu napitia kwa wakili Posta.

Mtaa_wa_Kongo
Duh. Nafuta kauli yangu ya mwanzo. Hiyo karatasi ukiipata usiwaachie orijino, piga picha palepale kaunta.