Jumapili moja Vienna: mwanakwaya niende kusali kanisa gani?

TenaMoshi
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mwezi ujao natumwa kikazi Vienna, na nina Jumapili moja tu ya kujipangia mwenyewe. Naimba sauti ya tatu parokiani, na watu kama Mozart, Haydn na Schubert nimewajulia kwenye noti tu. Nataka kusali mahali muziki wao ulipoimbwa kweli, si kupiga picha mlangoni na kuondoka. Kila ninayemuuliza ananitajia Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano. Niende hapo, au kuna pengine?

DadaAlto
Milele na milele, amina. Karibu Vienna, kaka. Naishi hapa na ninaimba, kwa hiyo nakujibu kama mwanakwaya mwenzio: Jumapili nenda Augustinerkirche, Misa ya saa tano asubuhi.

Ni kanisa la Waagustino lililoshikana na kasri la Hofburg. Usipoangalia vizuri unalipita, maana kwa nje limemezwa na majengo ya kifalme. Ndani ni jembamba, refu, dari iko juu kabisa. Kaisari Franz Joseph wa Austria na Elisabeth walifunga ndoa humo mwaka 1854. Mtunzi Bruckner aliongoza humo Misa yake ya tatu, yaani muziki alioutungia maneno ya Misa, kwa mara ya kwanza, tarehe 16 Juni 1872.

Lakini sikutumi huko kwa ajili ya historia. Nakutuma kwa sababu pale Misa za watunzi hawa bado ni Misa. Kwaya na orkestra wako roshani ya nyuma, kwenye kinanda, wewe umeelekea altare. Humwoni mwimbaji hata mmoja. Kyrie inakujia kutoka mgongoni. Wakati wa Utukufu padre anakaa, watumishi wanakaa, waamini wote tunakaa na kusikiliza mpaka Amen ya mwisho, halafu padre anasimama na kusema "Tuombe". Hakuna makofi. Kazi hizohizo nimezisikia ukumbini kwa tiketi ya bei kali, na ziliimbwa vizuri sana, ila Sanctus ilianza tu baada ya watu kukohoa na kugeuza kurasa. Haydn aliiandika ipokee utangulizi wa padre na kuwapeleka watu kwenye mageuzo. Ukiisikia mahali pake ndipo unaelewa kwa nini inaanza taratibu vile.

Masomo na mahubiri ni Kijerumani, kwaya inaimba Kilatini. Angalia ratiba ya kanisa kabla ya kuja, wanaandika Misa ya mtunzi gani itaimbwa. Ukija Kwaresima utakosa Utukufu, kama kwetu tu.

BesiYaNyuma
Dada kasema vema, ila Mtakatifu Stefano msimpite. Haydn alilelewa pale akiwa mtoto wa kwaya. Mozart alifunga ndoa na Constanze pale tarehe 4 Agosti 1782, na Desemba 1791 mwili wake ukabarikiwa palepale kabla ya kupelekwa makaburi ya St. Marx. Kisha tembea hadi Michaelerkirche, si mbali. Tarehe 10 Desemba 1791, siku tano baada ya kufa kwake, sehemu za Requiem, yaani Misa ya wafu, aliyoiacha bila kuimaliza ziliimbwa humo katika Misa ya kumwombea yeye mwenyewe.

DadaAlto
Kweli kabisa, kaka Besi. Ila Stefano aende asubuhi ya siku ya kazi, kabla watalii hawajajaa.

Na mchana wa Jumapili, TenaMoshi, panda tramu namba 37 au 38 kutoka Schottentor uende Lichtental. Ni parokia ya kawaida ya mtaani, na kwangu ndiyo inayogusa kuliko zote. Schubert alibatizwa humo tarehe 1 Februari 1797, siku moja baada ya kuzaliwa. Mwaka 1814, akiwa na miaka 17, aliiandikia parokia hiyo Misa yake ya kwanza na akaiongoza mwenyewe; sauti ya kwanza aliimba Therese Grob, binti wa mtaani aliyempenda. Wale walikuwa wanakwaya wa parokia kama wewe na mimi. Mwaka uliofuata akaandika Misa ya ufunguo wa G kwa muda usiofika wiki. Ukiisikiliza, fuatilia Nasadiki kwa makini: maneno ya Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume hayamo. Ameyaruka katika Misa zake zote za Kilatini.

TenaMoshi
Asanteni sana, nimeandika yote. Swali la mwisho: hiyo Misa ya Augustinerkirche inalipiwa? Na mgeni anaruhusiwa kukomunika?

DadaAlto
Ni Misa, kaka, hailipiwi. Ukiwa na chochote toa sadaka, orkestra ina gharama. Komunyo utapokea kama Mkatoliki mwingine yeyote. Wahi tu, viti vinajaa mapema, na ukae katikati ya kanisa: mbele sana sauti za besi zinapotea.