Dawa ya kusukutulia kinywa yenye alkoholi: je, ni salama kila siku?

Mama wa Jinja: Ndugu zangu, naomba ushauri. Mume wangu hutumia asubuhi na jioni dawa ya kusukutulia ambayo kibandiko chake kinaonyesha alkoholi asilimia 21.6, kwa sababu ya harufu ya kinywa. Yeye ni mvutaji wa sigara, na mwanetu wa miaka mitano ameanza kumwiga. Je, ni kweli kwamba dawa hii huleta saratani?

Tabibu wa Meno, Kampala: Dada, nianze na mtoto, kwa kuwa hapo hakuna mjadala. Aliye chini ya miaka sita hasukutui dawa ya aina hii, kwani hajajua kutema vizuri, na alkoholi akiimeza inaweza kushusha sukari ya damu kwa kiwango cha hatari. Chupa iwekwe mahali asipofika, leo hii.

Kuhusu saratani, bakteria wa kinywani huigeuza ethanoli, yaani alkoholi iliyomo ndani ya dawa hii, kuwa asetaldehaidi, kemikali ambayo, inapotokana na unywaji wa pombe, imeorodheshwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Lakini dawa hukaa kinywani nusu dakika tu kisha hutemwa, na tafiti kuhusu dawa yenyewe hazijakubaliana. Sigara haina utata huo: husababisha saratani ya kinywa, huharibu fizi, na huenda ndiyo chanzo cha harufu inayofichwa.

Msomaji wa Arua: Asilimia hiyo ni takriban nusu ya ukali wa waragi wa chupa, ile pombe kali ya Uganda! Nilipopata vidonda mdomoni dawa hiyo iliniunguza mno, nikahamia isiyo na alkoholi. Je, nimepoteza nguvu ya dawa?

Tabibu wa Meno, Kampala: La, ndugu yangu. Alkoholi huwekwa hasa ili kuyeyusha mafuta kama thimoli na mentholi, ambayo ndiyo hupambana na bakteria, na zipo dawa zinazofanya kazi hiyo bila alkoholi. Mwenye vidonda au kinywa kikavu achague hizo. Tena, usisukutue mara tu baada ya kupiga mswaki, kwa sababu utaiondoa floridi, yaani kinga ya meno itokayo kwenye dawa ya mswaki, iliyobaki menoni. Tema povu tu. Dada, mumeo asugue na ulimi, kisha aende kliniki akaondolewe ukoga na kupimwa fizi.