Ukoo wa Tanga: mtoto wa Alhamisi usiku

Dada Kumasi: Jamani nimejifungua salama, wa kike, jana Alhamisi saa nne na robo usiku 🙏🏾 Bibi shikamoo, umepata kitukuu

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Alhamdulillah. Anaitwa nani

Dada Kumasi: Yaa. Hata kikao hatukukaa Bibi. Huku Ghana kwa Waashanti jina la kwanza mtu anazaliwa nalo, nesi kusema tu Alhamisi mama mkwe kashaanza Yaa, Yaa, mtoto hata damu ya sikioni hajafutwa. Angekuwa wa kiume ni Yaw. Wanaliita kradin, kra ni roho, kwa iyo ndo jina la roho yake. La ukoo baba yake atampa siku ya nane

Mjomba: Kumbe Kofi Annan ni wa Ijumaa

Dada Kumasi: Ndio mjomba, tena alizaliwa pacha, dada yake akaitwa Efua. Kwame ndo wa Jumamosi

Mjomba: Sasa mbona Kwame Nkrumah wanaandika 21 Septemba 1909 na mi nimerudisha kalenda ya simu naona Jumanne?

Dada Kumasi: Ile tarehe aliikadiria padri wakati wa kumbatiza. Mama yake alichoshika ni siku tu, Jumamosi, alafu Nkrumah mwenyewe ukubwani akapiga hesabu akaona inayoangukia karibu ni tarehe 18. Mi hapo ndo nilipoyapenda haya majina, karatasi ilikosea ila jina halikusahau

Shangazi: Si ndo kama kina Khamis na Mwanajuma wetu jamani

Bibi: Ngojeni kwanza. Saa nne usiku jua lilishazama zamani. Huo ni usiku wa Ijumaa. Mtoto ni Mwanajuma

Mama: Mama huko siku inageuka saa sita ya usiku

Bibi: Hiyo ya karatasi. Kama jina ni la roho basi roho isikosewe siku yake

Dada Kumasi: Bibi nimemfikishia mama mkwe maneno yako. Alikuwa anamkanda mtoto miguu, akaacha, akafikiri weee alafu ananambia hata sisi Waakan, yaani Waashanti na ndugu zetu Wafante, hatujaelewana. Waashanti ardhi tunaiita Asase Yaa, ni ya Alhamisi, na zamani siku hiyo jembe haligusi shamba. Ila Wafante wa kule pwani ardhi hiyohiyo ni Asase Efua, ya Ijumaa

Bibi: Hao wa pwani ndio wenzangu

Shangazi: Na siku ya nane inakuaje

Dada Kumasi: Alfajiri anatolewa nje, anadondoshewa tone la maji ulimini alafu la pombe, wanamwambia ukisema maji yawe maji, ukisema pombe iwe pombe, yaani asijekuwa mtu wa kugeuza maneno. Sisi tumeomba cha pili kiwe asali na wamekubali bila neno

Bibi: Wamefanya uungwana, wasalimie sana. Basi kwao Yaa, kwangu Mwanajuma. Amelala?

Dada Kumasi: Macho kodo Bibi

Bibi: Piga, uniweke sikioni kwake nimwite