Gemu ya maisha yenye mji wazi ambao mchezaji anaubadilisha: tuanzie wapi?

msanifu_mji

Wakuu salaam. Tunasanifu gemu ya maisha (familia, kazi, majirani, ujenzi wa nyumba) ndani ya mji wa kubuni wa pwani, wa aina ya Lamu au Mji Mkongwe: vichochoro, nyumba za mawe za ghorofa, bandari ndogo, mashamba nje ya mji. Injini (programu ya kutengenezea gemu) ni Godot 4. Tunalenga kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, isiyo na kadi ya michoro ya peke yake.

Mchezaji atembee mji mzima bila skrini ya kusubiri, na aweze pia kuubadilisha: kuhamisha kichochoro, kugawa viwanja, kuinua ardhi, kujenga na kubomoa. Sasa, mji uwe na ukubwa gani? Mabadiliko yahifadhiwe vipi bila faili kuvimba? Na wakazi, tuseme 200, wataendeleaje na shughuli zao mji ukiwa unabadilishwa kila mara?

---

Kipimo

Mkuu, anza na saa kabla ya ramani. Gemu nyingi za aina hii huhesabu sekunde moja ya kweli kuwa dakika moja ya gemu, kwa hiyo siku nzima inaisha kwa dakika 24. Mtu anatembea mita 1.4 kwa sekunde. Kilomita moja ni sekunde 714, yaani karibu saa 12 za gemu. Mkazi akitoka alfajiri kwenda sokoni atafika Magharibi! Hata mita 300 tu ni saa tatu na nusu. Wengi huchora ramani ya kilomita nne kwanza, halafu wanashangaa kwa nini wakazi hawaendi kazini.

Rekebisha vitu viwili. Punguza kasi ya saa, dakika moja ya gemu iwe sekunde 3 (siku inakuwa dakika 72 za kweli), na mwendo wa kawaida uwe mita 2 kwa sekunde. Safari ya dakika 30 za gemu sasa ni sekunde 90, sawa na mita 180. Hapo mji wa mita 400 kwa 400 unakaa vizuri: kutoka katikati hadi ukingoni ni kama nusu saa. Mji wa vichochoro unakubeba sana hapa, kwa sababu kona na kuta zinaficha upeo, na mita 400 zinahisiwa kuwa nyingi. Mashamba yaweke nje, yafikiwe kwa punda au mashua, na safari hiyo usiichezeshe yote: kata, sogeza saa, mshushe upande wa pili.

Kuhusu uwazi: The Sims 3 ya 2009 ilifungua mji mzima bila kusubiri, na wakazi wote wakawa wanaendelea na maisha kwa wakati mmoja. Watu waliipenda kwa hilo, na kwa hilohilo ikawa inakwama kwama kadiri familia zilivyozeeka. The Sims 4 ya 2014 ikarudi kwenye vitongoji vidogo vyenye skrini ya kusubiri. Angalia pia kwamba ile ya tatu ilikuwa na programu ya kutengeneza miji, lakini ilikuwa programu ya pembeni. Ndani ya gemu yenyewe mchezaji hakuweza kuhamisha barabara. Ninyi mnataka vyote viwili kwa pamoja, na inawezekana kwa sababu mji wenu ni mdogo. Msiukuze.

---

tabaka_tano

Naongezea upande wa data. Usihifadhi mji kama ulivyo, hifadhi mji wa asili mara moja na kisha tofauti tu. Tabaka ziwe tano, na kila moja isijue chochote kuhusu iliyo juu yake. Kuanzia chini: ardhi, vichochoro, viwanja, majengo, vyombo.

Ardhi: igawe vipande vya mita 64. Kila kipande kina nukta za kimo 65 kwa 65, si 64, kwa sababu miraba 64 inahitaji nukta 65. Nukta za ukingoni zinarudiwa kwenye kipande jirani na lazima zilingane kabisa, la sivyo utaona ufa ambao bahari inachungulia. Mchezaji akiinua ardhi mpakani, andika vipande vyote vinavyogusana hapo, na penye kona ni vinne. Kimo kiwe namba kamili ya baiti 2, hatua moja ikiwa sentimita moja. Unapata mita 655 za kimo, zaidi ya unavyohitaji. Kipande kimoja ni baiti 8,450. Dunia ya mita 512 kwa 512 ina vipande 64, haifiki MB 0.6 hata mchezaji akivuruga kila inchi. Ardhi haitawahi kuwa tatizo lenu, msiipotezee wiki.

Vichochoro ndipo penye kazi. Usivichore kama umbo. Vihifadhi kama mtandao: njiapanda ni nukta, kichochoro ni mstari kati ya nukta mbili wenye upana wake, na umbo linazalishwa kutokana na hayo. Kisha mlango wa nyumba usiwe na anwani ya namba za ramani. Uandike hivi: kichochoro namba fulani, umbali tangu mwanzo, upande wa kushoto au kulia. Mchezaji akivuta njiapanda, viwanja vinafuata na milango inabaki kwenye njia. Ukiweka namba za ramani, kila akivuta utapata nyumba zinazotazama ukuta.

Kinachoharibika hapa ni kona. Kichochoro kikikunjwa sana, viwanja vya upande wa ndani vinapandana. Usijaribu kuvirekebisha kwa hesabu, utapata maumbo ya ajabu. Onyesha rangi nyekundu, ukatae, mchezaji avute tena.

Majengo: miraba ya mita moja yenye kuta nyembamba haifai kwa nyumba ya mawe. Kuta za matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, na upana wa chumba unafungwa na urefu wa boriti za mikoko, takriban mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Tumieni miraba ya sentimita 25. Ukuta unachukua miraba 2, upana wa chumba usizidi miraba 11, urefu mwachie mchezaji. Kanuni hiyo moja inafanya nyumba ya mchezaji yeyote ionekane ya pwani bila kumlazimisha chochote. Zidaka (vishubaka vya ukutani) ziwe kifaa kinachobandikwa ukutani na kula mraba mmoja wa unene, msizichonge ukutani kweli.

Rangi na nakshi: mchezaji akichagua rangi yake msimtengenezee picha mpya. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 isiyobanwa ni MB 4. Khanga na mapazia 50 ni MB 200, na kompyuta yenu inagawana kumbukumbu na michoro. Tumieni picha moja ya kijivu yenye maeneo matatu, rangi tatu zitiwe wakati wa kuchora. Unachohifadhi ni baiti chache tu.

---

fundi_njia

Mpaka sasa hakuna aliyegusa njia za wakazi, na ndizo zitakazowaua.

Godot ikitengeneza wavu wa njia (navigation mesh, yaani ramani ya sehemu ambazo mkazi anaweza kutembea), nusu kipenyo cha mtembeaji huanza na mita 0.5. Inakula nusu mita kila upande wa ukuta. Mlango wa mita 0.9 unapotea kabisa, na kichochoro cha mita 1.5 kinabakiwa na nusu mita. Mtu anaona nyumba nzuri, milango iko wazi, na hakuna mkazi anayeingia. Akishusha hadi 0.3 hapati nafuu, kwa sababu kipimo hicho hupandishwa hadi miraba kamili ya wavu, na mraba wa kuanzia ni 0.25. Hivyo 0.3 inarudi kuwa 0.5. Wekeni mraba 0.125 na nusu kipenyo 0.25: mlango wa 0.9 unabaki na nafasi ya miraba miwili au mitatu. Gharama yake ni miraba mara nne, ndiyo sababu msiunde wavu wa mji wote kwa mpigo. Kila kipande cha mita 64 kiwe na wavu wake, na baada ya ujenzi kiundwe upya kilichoguswa tu. Mraba wa wavu na mraba wa ramani ya njia viwe sawa, vikitofautiana kingo za vipande hazishikani.

Kusoma maumbo kunafanyika kwenye uzi mkuu (main thread, ule unaoendesha gemu yenyewe), kuunda wavu kunaweza kwenda nyuma. Basi someni maumbo ya kugongana, ambayo ni visanduku vichache, wala si maumbo ya kuonekana. Kuyavuta haya ya pili kutoka kwenye kadi ya michoro kunagandisha picha, na mchezaji ataihisi kila anapoweka kiti.

Kupishana: watu wawili kwenye kichochoro cha mita 1.5 wanapita, mtu na punda aliyebeba mzigo hawapiti. Vichochoro chini ya mita 2 vipeni tiketi. Punda anachukua tiketi ya kichochoro kizima kabla ya kuingia, na wa upande wa pili anasubiri njiapanda. Asiyesogea kwa sekunde 2 atafute njia upya. Akifika sekunde 10, mhamishie mlango wa karibu usioonekana na kamera. Usione aibu, wachezaji wa The Sims 3 walitengeneza modi za kufanya usafi huohuo kila usiku, za kuwanasua waliokwama na kufuta magari yaliyotelekezwa.

Wakazi 200 msiwaendeshe sawa. Walio ndani ya mita 40 kutoka kwenye kamera wapate kila kitu. Wengine wawe rekodi tu: ametoka wapi, anakwenda wapi, saa aliyoondoka, saa atakayofika. Kamera ikimfikia, gawanya muda uliopita kwa muda wa safari, mweke hapo kwenye njia. Uamuzi wa nini afanye baadaye uwe mara moja kila sekunde 2 kwa mkazi, na upangwe foleni. Wakazi 200 ni maamuzi 100 kwa sekunde, kwa fremu 30 ni matatu au manne kwa fremu. Wote wakiamua kwenye fremu moja, kila sekunde 2 picha itashtuka.

---

msanifu_mji

Nimewapata, ahsanteni sana. Hilo la saa hatukuwa tumelifikiria. Mawili bado: mchezaji akibomoa nyumba ambayo watu wamo ndani? Na tunataka wachezaji wapeane nyumba na mitaa yao mtandaoni.

---

tabaka_tano

Kubomoa kuna mpangilio wake. Simamisha saa. Futa tiketi na nafasi zote zilizoshikwa ndani (kitanda, jiko, kiti). Watoe watu hadi kwenye baraza au mlango wa kiwanja. Vyombo vyao viingie ghala la familia, visifutwe. Bomoa, unda wavu wa kipande, ngoja umalizike, ndipo saa iendelee. Ukiruhusu saa kabla wavu haujakamilika, mkazi anapanga njia kupitia nyumba isiyokuwepo. Hatua ya kufuta nafasi ndiyo watu huiruka, na matokeo yake ni kitanda kilichoko ghalani ambacho kinadai bado kuna mtu amelala.

Kupeana: kamwe usipokee faili la .tres au .tscn (mafaili ya Godot yenyewe) kutoka kwa mtu. Mafaili hayo yanaweza kubeba msimbo ndani yake, na kulifungua tu kunatosha kuuendesha kwenye kompyuta ya mwenzako. Tumieni JSON (data iliyoandikwa kama maandishi ya kawaida) na mkague kila sehemu: jina la kifaa lipo kwenye orodha yenu? Namba iko ndani ya mipaka? Idadi ya vyombo haizidi kikomo? JSON ya Godot hurudisha namba zote kama desimali, kwa hiyo vitambulisho virefu viandikwe kama maandishi, vinginevyo tarakimu za mwisho zitabadilika. Kipengele cha Vector3 (mahali penye x, y na z) nacho kitenganisheni kuwa namba tatu.

Mwanzoni mwa kila faili weka namba ya toleo. Kifaa kikikosekana, weka kisanduku tupu cha ukubwa uleule badala ya kukataa nyumba nzima, na jina la kifaa libaki kwenye faili ili kikirudi kionekane. Unapohifadhi, andika faili jipya pembeni, likikamilika ndipo ulibadilishe jina. Umeme ukikatika katikati, la zamani bado lipo.

---

Kipimo

Moja la pwani kabla hamjachora ufuo. Kupwa na kujaa kwa Zanzibar hufikia karibu mita 4 wakati wa bamvua (maji makubwa), na mzunguko ni kama saa 12 na dakika 25. Mkitaka bahari ishuke kweli na watu waende kuokota chaza, msiunde wavu upya kila maji yanaposogea. Tengenezeni nyavu mbili za ufuo mapema, ya maji kujaa na ya maji kupwa, na mzibadilishe kwa kuwasha moja na kuzima nyingine. Dakika 20 za gemu kabla ya kuzima ya kupwa, zuieni safari mpya za kwenda ufuoni na walioko huko wapewe amri ya kurudi. Na viwanja vyote vinavyouzwa viwe juu ya mstari wa bamvua, maana mchezaji wa kwanza kabisa atajaribu kujenga jiko mchangani.

---

fundi_njia

Na ngalawa zilizofungwa ufuoni zisiwe sehemu ya wavu. Zipeni kizuizi chepesi kinachosogea, la sivyo kila ngalawa ikielea kipande kizima kinaundwa upya.