Naomba ushauri: taa ya mwanga mwekundu kwa maumivu ya viungo ya mama

BintiWaTatu
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 63 na viungo vinamtesa mwaka wa 9 sasa. Vilianzia vidoleni, siku hizi ni viganja, vifundo vya mikono na magoti yote mawili. Asubuhi ndiyo mtihani wenyewe. Akiamka vidole vimekaza, kifuniko cha chupa hakifunguki, kikombe anakikumbatia kwa viganja viwili kama mtu anayekinga maji ya mvua. Saa nzima inapita, wakati mwingine zaidi, ndipo vidole vianze kutii.

Mwezi uliopita aliuziwa kifaa cha mwanga mwekundu, unakiweka juu ya kiungo dakika 10 asubuhi na jioni. Anasema magoti yamekuwa mepesi. Nafurahi kumwona ana matumaini, ila naogopa isije ikawa ni maneno ya wauzaji tu. Mwanga kweli unatibu viungo? Dakika 10 zinatosha? Macho je?

GotiLaZamani
Pole sana kwa mama. Mimi magoti yangu yamesagika, picha ilionyesha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limeisha upande wa ndani. Mtaalamu wa fiziotherapia alinimulika kwa leza mara 3 kwa wiki, mwezi mzima. Nilipata nafuu, nikaanza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Lakini niseme ukweli: kipindi hichohicho nilianza mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito. Kipi kilinisaidia zaidi siwezi kuapa. Nilipoacha mazoezi maumivu yalirudi, na niliporudia mazoezi bila leza yakapungua tena.

FizioWaZamu
Dada, mwanga si uganga. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Leza hafifu nayo ilianza kusikika 1967, pale Endre Mester wa Hungaria alipowamulika panya walionyolewa akaona manyoya yanarudi haraka kuliko kwa wenzao. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba mwanga mwekundu na wa infraredi hufyonzwa na mitokondria, vinu vya nguvu ndani ya seli, seli zikapata nguvu na uvimbe ukatulia.

Shida iko kwenye dozi. Uchambuzi wa 2019 katika jarida la BMJ Open ulikusanya majaribio 22 ya magoti yaliyosagika, watu 1,063. Maumivu yalipungua vizuri pale kila nukta ya goti iliyomulikwa ilipopewa juli (kipimo cha nishati) 4 hadi 8 kwa mwanga wa nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 785 hadi 860, au juli 1 hadi 3 kwa nanomita 904. Nje ya hapo nafuu ilikuwa ndogo. Kwa hiyo "dakika 10" peke yake si dozi. Ni kama kumwambia mgonjwa ameze dawa bila kumtajia miligramu. Soma karatasi ya kifaa: nanomita ngapi, nguvu kiasi gani. Kama havijaandikwa, hakuna mtu anayeweza kukwambia mama anapata nini.

Macho: miwani ya kinga, na asiutazame mwanga moja kwa moja. Asimulike mahali penye saratani. Ngozi nyeusi hufyonza mwanga mwekundu zaidi, aanze na muda mfupi, na akisikia joto la kuchoma aondoe.

Lakini kuna kitu kwenye maelezo yako kinanisumbua. Magoti yaliyosagika hukaza asubuhi kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa. Kukaza saa nzima, tena kuanzia vidoleni, mikono yote miwili, kunanukia baridi yabisi. Ana dawa gani?

Mchambuzi77
Niongeze upande wa pili. NICE, chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, kilisema mwaka 2022 kwamba tiba ya leza isitolewe kwa viungo vilivyosagika, kwa sababu ushahidi wa faida hautoshi. Walichokiweka mbele ni mazoezi na kupunguza uzito kwa wenye uzito mkubwa. Wataalamu hawajakubaliana, na muuzaji hawezi kukuambia hilo.

BintiWaTatu
@FizioWaZamu nimemuuliza sasa hivi. Ni baridi yabisi kweli, aliandikiwa methotreksati, vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki. Ameacha wiki 5 zilizopita. Aliyemuuzia taa alimwambia vidonge vinaua ini, mwanga unatosha. Alinificha, sikujua kabisa.

FizioWaZamu
Hapo nimeshtuka. Kwenye baridi yabisi kinga ya mwili inashambulia utando wa kiungo, na taa unayoiweka juu ya goti haiizuii kinga hiyo. Uchambuzi wa 2005 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulionyesha leza ilishusha maumivu kama pointi 1 kati ya 10 na kufupisha kukaza kwa asubuhi kwa dakika 27 hivi, tena kwa muda mfupi. Huo ni msaada, siudharau. Ila kiungo kinaweza kuendelea kuliwa huku maumivu yametulia, na mfupa ukishalika haurudi.

Ini ni hoja ya kweli, ndiyo maana wanaotumia dawa hiyo hupimwa damu mara kwa mara. Asirudie vidonge kimyakimya wala asiongeze vya kufidia. Mpeleke kliniki wiki hii, mmweleze daktari kila kitu, pamoja na taa. Na usimgombeze. Aliyekosa ni aliyemdanganya.

GotiLaZamani
Nasisitiza hilo la kutomgombeza. Maumivu ya miaka 9 yanamfanya mtu ashike chochote anachopewa.

BintiWaTatu
Mrejesho. Tumetoka kliniki. Wamechukua damu kupima ini na chembe za damu, majibu yakawa mazuri, dawa imerudi pamoja na asidi ya foliki (aina ya vitamini B). Tumezungushia siku ya dawa kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu. Daktari hajaikataza taa, amesema itumike kwa magoti tu na mtaalamu wa fizio akague kifaa kwanza. Tuna miadi naye Alhamisi.

Asubuhi ya leo kikombe bado alikishika kwa viganja viwili. Asanteni sana, nitarudi kuwaambia.