MREJESHO: Jogoo aliyekuwa akiipanda gambuti yangu

Habari zenu wafugaji. Niliuliza hapa kuhusu jogoo niliyemlea ndani tangu kifaranga wa siku moja, Nyegezi, Mwanza. Alikuwa akishusha bawa, ananizunguka, kisha anaipanda gambuti yangu. Mliniambia si ugonjwa wala ukali: amekua bila kuku wenzake, ndiyo maana anatongoza mguu wangu.

Asanteni sana, hasa mama aliyesisitiza nisimpige teke. Niliacha kumbeba na kumlisha mkononi, nikamletea matetea sita. Wiki mbili za kwanza aliwakimbia, akawa analala mlangoni kwangu. Iliniuma. Halafu asubuhi moja nikamwona anamdonoa dagaa, anamwangusha, anamdonoa tena huku akiita "ko-ko-ko", mpaka tetea akaja akala. Nilifurahi mno! Siku chache baadaye akaanza kuwapanda.

Tetea mmoja aliatamia mayai 10. Siku ya 7 niliyamulika kwa tochi, 6 yalikuwa na mishipa ya damu, yaani kifaranga anakua ndani. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 5.

Gambuti bado anaitongoza. Kuifunika kwa kiroba hakukusaidia. Nikiingia bandani na kandambili, hanisumbui.